Salamu za Hamdun

Barua za Hamdun zilikuwa na sifa mji mzima wa Amu. Ukitaka kuposa, au kumtuliza mjomba aliyenuna kule Pate, ulimwendea yeye, akakujazia ukurasa mzima wa salamu: kwa janabu, mpenzi, mheshimiwa, Mungu amdumishe, kisha jamaa wote kwa majina, nusura amsalimu na paka. Haja yenyewe ilikuja chini kabisa, imebanwa pembeni. Na watu walipenda! Kumvamia mtu na shida yako kabla ya salamu ulikuwa utovu wa adabu.

Balaa ilikuwa insha. Hamdun alisomesha watoto Kurani, na roho yake yote ilitaka chuo cha ualimu. Mara mbili alifanya mtihani wa kuingia, mara mbili akaanguka. Mkaguzi alimwonyesha karatasi yake: kaulizwa faida za minazi, yeye kamsalimu msahihishaji na watu wa nyumbani kwake, kaomba radhi kwa hati mbaya, na mnazi wa kwanza ukatokea ukurasa wa tatu. Lo! Sasa ulikuwa mwaka 1955, naye ana miaka ishirini na tisa. Aliyetimiza thelathini hapokewi.

Wiki ya mtihani hakukalika. Anaandika mstari, anaufuta, anatoka hadi forodhani, anarudi. Mkewe, Radhiya, alikuwa akichagua mchele ukumbini, na subira ikamwisha.

"Bwana we, keti! Ndia ya forodhani imekuchoka."

"Nianzeje, Radhiya? Niingie tu kama mwizi, bila hodi?"

"Siku ya Barka ulipiga hodi?"

Barka alikuwa mtoto wao wa pekee, na tangu wamzike, miaka miwili nyuma, jina lake lilikuwa halijatajwa nyumba ile. Siku hiyo Hamdun alikimbia kwa daktari, akawapita wazee barazani bila hata asalamu alaikum, akamwambia daktari, "Mwanangu anakufa." Mji mzima ulimsema. Radhiya aliurudia mchele wake.

Kwenye mtihani swali lilikuwa moja: eleza umuhimu wa maji safi mjini. Mkono ukaenda wenyewe: kwa janabu, mpenzi... Akakata. Akaanza tena, akakata tena. Nusu saa nzima ikapotea bure, wenzake wanageuza kurasa. Kisha, kwa hasira hasa, akaandika: "Mwanangu alikufa kwa maji ya kisima chetu, na mimi ndiye niliyeyateka." Baada ya hapo kalamu haikusimama.

Miezi miwili alihangaika, wala hakumwambia mkewe alichoandika. Barua ya chuo ilipokuja haikuwa na salamu hata moja. Umepokewa, ilisema, uje Januari.

Radhiya alipiga kigelegele, akacheka, akamshika mkono. "Haya niambie. Uliwaanzaje?"

Hamdun alitazama mlango. Alitamani kutoka, aende forodhani, popote. Lakini aliketi, akamwambia sentensi ile neno kwa neno.

Radhiya hakuuachia mkono ule.

"Na mimi ndiye niliyemnywesha," akasema.