Unga Mtamu Kutoka Nairobi

Nilipoambiwa nina ugonjwa wa sukari, katikati ya miaka ya themanini, nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi karibu na Kyuso. Kumeza tembe hakukunisumbua sana. Kilichonichosha ni chai. Kwetu, kumpa mgeni chai isiyo na sukari ni kama kumtukana, na kila nyumba niliyoingia ilibidi nieleze upya kwa nini naomba yangu chungu. Baada ya miaka kadhaa nikaacha kutembelea watu.

Mume wangu alifanya kazi Nairobi na kuja nyumbani kila mwisho wa mwezi. Safari moja akatoa mkebe mweupe mkobani.

"Hii ni ya watu kama wewe," akasema. "Tamu, lakini si sukari."

Mbele ya mkebe iliandikwa hivyo hivyo, kwa herufi kubwa: haina sukari. Nikakoroga kijiko kimoja kwenye chai, nikanywa, machozi yakanitoka. Tangu siku hiyo nikautia unga ule kwenye chai ya asubuhi, chai ya saa nne na uji wa mawele wa jioni. Haukuwa mkali kama sukari, kwa hiyo vijiko vikawa viwili, vikawa vitatu, na mkebe ulipoisha mume wangu aliniletea mwingine. Na uji ulipokuwa mtamu, niliongeza kikombe cha pili.

Kiu ya siku za mwanzo za ugonjwa ikarudi. Nilikuwa nikiacha darasa katikati ya hesabu kukimbilia choo. Jioni miguu iliwaka moto, nikakaa tu kitini nikimtazama mama mkwe akichambua ndengu peke yake.

Kliniki walichemsha mkojo wangu na ile dawa ya buluu ya kupimia sukari. Ukiwa mzima hubaki buluu. Wangu ukawa mwekundu kama tofali.

"Mwalimu, unakula sukari," daktari akasema.

"Sili."

"Mkojo haudanganyi."

Akaniongezea tembe. Mwezi uliofuata rangi ilikuwa ile ile, na maneno yale yale. Nyumbani nako mama mkwe alianza kuficha sukari ya watoto chini ya kitanda chake. Hakunigombeza. Aliniambia tu, "Mwanangu, watoto bado wanakuhitaji." Nikaanza kujiuliza kama labda kweli nakula na kusahau.

Kitu kimoja tu ndicho kilichokuwa kimebadilika nyumbani kwangu, nacho ni ule mkebe. Safari ya tatu nikaubeba.

"Kabla hujanisema, daktari, pima hii," nikamwambia.

Akayeyusha unga kwenye maji, akatia dawa ya buluu, akawasha moto. Tulisimama wote wawili tukingoja. Ikawa kijani, ikawa manjano, ikawa tofali.

Akaugeuza mkebe, akasoma maandishi madogo ya nyuma, akanionyesha kwa kidole: glukosi, sukari ile ile inayopimwa kwenye mkojo.

"Kile kiungo kitamu chenyewe ni kikali mno, punje tu inatosha kikombe," akasema polepole. "Sasa ili upate kitu cha kuchota na kijiko, watengenezaji wanakichanganya na glukosi. Kwa mtu anayetia kidogo mara moja moja si neno. Lakini wewe..."

"Mimi nilitia mpaka kwenye uji."

"Pole, mwalimu. Nilikusema bure."

Nilitegemea nitafurahi kuaminiwa. Nilichotaka ni kulala.

Nikarudia chai chungu, na polepole kiu ikapungua. Mama mkwe alirudisha sukari kabatini. Mume wangu alipokuja mwisho wa mwezi nilimweleza yote, naye akaketi kitandani akashika kichwa.

"Nilikuletea sumu kwa mkono wangu mwenyewe," akasema.

Hasira sikuwa nayo. Nikamwambia avue viatu, maji ya kuoga yameshapata moto.