Benoîte na Kiti cha Nyuma

Mtaani kwetu wapo wanaosema Benoîte Faverjon alimuua mumewe kwa baiskeli. Nikiyasikia hayo damu hunichemka. Nimeishi naye mlango kwa mlango hapa Saint-Étienne tangu kabla ya vita, tumefuma utepe pamoja karakana moja, mashine yangu ikitazamana na yake. Kama kuna mtu wa kusimulia habari zake ni mimi, si hao mabingwa wa mikahawani ambao hata ngazi za nyumba yetu hawajawahi kuzipanda.

Alikuwa mwanamke mpana, mwenye mapaja ya mtu aliyekulia shambani. Wakati wa vita, njaa ilipotubana, kila Jumapili alikuwa akipanda baiskeli yake hadi vijiji vya juu ya mlima kutafuta viazi na siagi. Barabara ya mlima wa République inawatoa watu ulimi. Wanaume walikuwa wakishuka na kuzikokota baiskeli kwa mkono, naye anawapita amekaa kitini, anawauliza, "Vipi kaka zangu, mmedondosha kitu?" Walimchukia kwa hilo, na viazi vyake walivila.

Mumewe, Joannès, alikuwa mchimba makaa. Alishuka shimoni angali mtoto wa kuvaa kaptura. Mtu mrefu, mwembamba, mcheshi, hana siri, mpenzi wa baiskeli kupita kiasi. Jumapili zote alikuwa na wenzake wa chama cha waendesha baiskeli, na mwaka mzima alikuwa na neno moja mdomoni: bahari. Hajapata kuiona. Alitaka waagize baiskeli ya wawili, ya kupimiwa kama suti, wapakie mahema na sufuria, wateremke kufuata mto Rhône mpaka waingize miguu kwenye maji ya chumvi. Wakati wa vita haikuwezekana. Baada ya vita ikawa mwakani, mwakani. Kisha kikaja kikohozi.

Daktari alimpima kifua, akamwambia Joannès ni baridi tu imemwingia, apumzike, apate hewa safi. Halafu akamvuta Benoîte kwenye ujia na kumpa habari yenyewe: mapafu yamejaa vumbi la makaa, yamekuwa mawe, majira ya baridi yajayo mumewe hatayaona. "Usimwambie, mama. Mwache na furaha yake." Ndivyo mambo yalivyokuwa hapa kwetu. Mgonjwa haambiwi. Anaambiwa mke, kisha mke anarudi nyumbani anapika supu na kutabasamu. Mimi yule daktari ningemtia kofi, lakini Benoîte aliitikia tu, akarudi, akapika supu.

Na Joannès ameshika lake. "Umesikia, bibie? Hewa safi! Daktari mwenyewe kasema. Sasa huna pa kujificha, tunaagiza baiskeli."

Wakaenda kwa fundi Pétrus, ambaye fremu zake zilijulikana wilaya nzima. Akawapima miguu, mikono, viwiliwili. Joannès alimtania Benoîte kwamba chuma chote cha mji kitaishia kwenye kiti cha nyuma. Wakacheka wote watatu. Kesho yake Benoîte akarudi kwa fundi peke yake, na maneno yao alinisimulia mwenyewe.

"Fundi, umemwona Joannès. Ataweza?"

"Dada, nina macho," Pétrus akasema. "Baiskeli ya wawili si kuchagua rangi. Wa mbele ndiye anayeishikilia isianguke wakati mwenzake anapanda. Usukani wake, breki zake, na yeye ndiye anayepaswa kuwa mzito. Mumeo pumzi hana. Mweke nyuma. Wewe kaa mbele, fremu nitaikata kwa kipimo chako."

"Nikimweka nyuma atajua."

"Atajua nini?"

Benoîte akajigusa kifuani, na Pétrus akaweka tupa chini. Kwenye chama chao mwanamume hukaa mbele, mke nyuma. Aliyekaa nyuma ya mkewe alikuwa mmoja tu, yule aliyerudi vitani bila macho. Mchimba makaa mwenye akili zake, akiletewa baiskeli ambayo nafasi ya mbele imekatwa kwa urefu wa mkewe, hahitaji daktari wa kumweleza.

"Loo," akasema fundi. "Mpaka hapo?"

"Mpaka hapo. Baharini nataka afike, na nataka afike hajui. Sasa niambie tunafanyaje."

Basi wakaichagua ile baiskeli wawili wao, kitu kwa kitu, kama watu wanaopanga wizi. Fremu iwe ya kiume mpaka nyuma, bomba limenyooka, si ile iliyoinamishwa kwa ajili ya sketi, kwa sababu iliyonyooka haipindi ukiikanyaga kwa nguvu. Benoîte akasema atavaa suruali na wanaotaka kutazama watazame. Tairi nene. Meno ya mbele ya safu tatu, na ile safu ndogo iwe ndogo hasa, ya kupandia ukuta. Mizigo yote mizito, hema, sufuria, vyombo, ikae keria ya nyuma chini yake yeye. Kule mbele kwa Joannès kuwe na makoti ya mvua tu, usukani umkae mwepesi mkononi. Halafu ile breki ya tatu, ya ndani ya gurudumu la nyuma, ya kuzuilia mwendo kwenye miteremko mirefu. Pétrus akasema mkono wake ataufunga upande wa Benoîte. Wa mbele atadhani anateremka taratibu kwa ustadi wake.

"Na kupanda?" Benoîte akauliza.

"Minyororo imeunganishwa. Miguu yenu itazunguka pamoja, mtake msitake. Wa mbele akichoka, pedeli zitamzungusha miguu, naye ataona anazizungusha yeye." Pétrus akakuna kichwa. "Anayesukuma anajua, dada. Anayesukumwa hajui. Mimi huo naona ni uongo."

"Uongo ni wangu. Wewe tengeneza chuma."

Baiskeli yake ya zamani, ile ya viazi, Benoîte akaiacha palepale kwa fundi ili apunguziwe bei.

Ile mpya ilikuja ya rangi ya kijani kibichi, madigadi zinang'aa, taa mbele na nyuma. Jengo zima tulishuka uani kuitazama. Joannès alikaa mbele, kifua mbele, akapiga kengele kama mtoto. Kuishikilia hakuweza. Benoîte aliegemeza mguu chini upande wake mpaka dakika ya mwisho, akijifanya anarekebisha soksi, kisha akasukuma na kupanda kwa pamoja. Siku zote alikuwa na soksi ya kurekebisha. Mimi nilijua, nikawa naangalia pembeni.

Wakazunguka zunguka bondeni majuma kadhaa. Kisha Jumapili moja wakapanda République.

Walirudi alasiri. Nilimsikia Joannès tangu mlangoni, anahema na anapiga kelele. "Jirani! Toka nje! Nimepanda mpaka kileleni, sikuweka mguu chini! Hata kifua hakikuniuma! Nimepona mimi, nimepona!" Akanibusu mashavu yote mawili, akaingia kwake akipiga mluzi. Benoîte alikuwa bado ngazi za chini, ameshika ukuta. Nilimvua viatu mimi. Kola ya shati lake ilikuwa imelowa na kutatuka, maana njia nzima alikuwa ameing'ata ili mumewe asisikie pumzi zake mgongoni.

"Utajiua," nikamwambia.

"Kabla ya bahari sifi," akasema. "Umemwona alivyofurahi?"

Nilimwona, ndiyo. Akaanza kula. Akaimwaga dawa ya kikohozi kwenye beseni la kunawia. Tarehe ya safari ikawekwa, mwanzo wa likizo, ramani ikabandikwa ukutani. Benoîte alinenepa kwa furaha hiyo, na kila akipita mbele ya ile ramani aliigusa.

Ndipo Claudius akafungua mdomo wake. Claudius ni rafiki wa Joannès wa shimoni na wa chama, mtu asiye na ubaya wala akili. Joannès alikuwa mkahawani anaeleza kwa mara ya ishirini alivyopanda, na Claudius akamkatiza, "Wewe nawe! Na injini ile uliyofungiwa nyuma, hata mimi ningepanda nimelala." Watu wakacheka mpaka wakamwaga divai. Joannès alicheka nao. Lakini alirudi nyumbani uso umembadilika, akaitoa baiskeli yake ya zamani, ile ya mtu mmoja, chini ya ngazi, akaanza kuitia mafuta.

Jumapili iliyofuata ilikuwa siku ya chama kupanda mlima wote pamoja. Asubuhi nikasikia sauti mlangoni kwao, nikatoka. Joannès amevaa, kofia kichwani. Benoîte amesimama mbele ya mlango, mikono huku na huku.

"Joannès, usiende. Nisikilize. Siku ile nilisukuma mimi."

"Sote tulisukuma, bibie. Ndiyo maana inaitwa ya wawili."

"Mimi peke yangu! Miguu yako ilikuwa inazungushwa. Muulize Pétrus. Breki ya kuteremkia ni yangu, mizigo yote ni yangu. Daktari alisema..." Akashindwa, kisha akalisema lote, moja kwa moja, pale kwenye ngazi. Mapafu, mawe, majira ya baridi.

Joannès akamtazama, akaangua kicheko. Kicheko cha kweli kabisa, Mungu anisamehe, kizuri kukisikia.

"Wewe umenivuta mpaka kileleni? Basi na bahari kaivute ije hapa, tusijisumbue! Nyinyi wanawake bwana. Mtu akipona mnanuna, mmekosa wa kumnywesha supu."

"Joannès, anasema kweli," nikasema.

"Na wewe jirani kakukodi kwa bei gani?" Akamshika Benoîte kiunoni, akamsogeza taratibu kama mtu anayesogeza kiti, akashuka na baiskeli begani. Anapiga mluzi.

Benoîte akakimbilia uani kuichukua ile ya kijani amfuate. Akarukia kiti cha mbele. Miguu haikufika. Fremu ilikuwa imekatwa kwa kipimo cha Joannès, na hata kiti kikishushwa mpaka mwisho, pedeli ikiwa chini bado anaikosa. Kule nyuma alikoweza kufika hakuna usukani wa kugeuza. Aliijaribu, akaanguka nayo, akaijaribu tena. Kisha akaitupa pale kwenye mawe akaondoka kwa miguu, na ndara za nyumbani, mbio, kuelekea barabara ya mlima.

Alimkuta kabla hata ya kijiji cha kwanza. Joannès alikuwa ameketi kwenye ukuta wa kando ya barabara, midomo ya buluu, baiskeli majanini. Wenzake wengine walishapita, wengine wamesimama hawajui waweke wapi macho. Claudius alikuwa amevua kofia, analia kama mtoto mdogo. Joannès hakumtazama mkewe. Walirudi kwa miguu, yeye ameegemea baiskeli upande huu, Benoîte upande wa pili, wakisimama kila baada ya nyumba mbili.

Akalala kitandani, na hakuinuka tena. Ramani aliomba itolewe ukutani. Kumgombeza Benoîte hakumgombeza, heri angemgombeza. Lakini kila siku alikuwa na swali moja.

"Zile kona za juu ya kijiji?"

"Mimi," Benoîte anajibu.

Siku ya pili yake, "Na pale msitu unapoanza, nilipokuwa naimba?"

"Mimi, mume wangu."

Basi anafumba macho. Alikuwa anairudia barabara yote, kipande kwa kipande, na kila kipande ananyang'anywa. Nilimwambia Benoîte ukumbini, "Mwachie hata kimoja, kwani utapungukiwa nini?" Akaniambia, "Simdanganyi tena. Nimeapa." Alikuwa amekonda uso mzima.

Siku ya mwisho nilikuwepo, nimeshika mto nyuma ya mgongo wake ili apate kupumua. Mchana, dirisha wazi. Akamgeukia mkewe, na safari hii akamtazama usoni.

"Benoîte. Mimi sikusukuma hata kidogo?"

"Ulisukuma," akasema. Akapiga magoti akamshika mkono. "Kule juu, kabla msitu haujaisha. Nilikuwa nimekwisha, Joannès, naona giza, najua sasa naweka mguu chini. Pedeli zikawa nyepesi. Wewe ulikuwa unakanyaga, nilikusikia miguuni mwangu. Kipande kile ulitupitisha wewe. Pasipo wewe tusingefika."

Na hilo lilikuwa kweli. Aliniambia hayohayo Jumapili ileile waliyopanda, miguu yake imo kwenye beseni la maji ya chumvi, akishangaa, mgonjwa aliyekwisha vile nguvu alizitoa wapi.

Joannès akauchomoa mkono wake.

"Mwongo wewe," akasema, akageuza uso ukutani.

Benoîte alimwapia kwa mama yake, kwa Bikira, kwa kila kitu. Alimtikisa bega. Alinivuta mimi niseme, nikasema, nikaapa nami. Joannès hakugeuka, na jua lilipofika kwenye paa la jirani tulikuwa tumekwisha kumfumba macho, tunamfunga kidevu.