Skrubu ya Msalaba

Grisi, kama walivyomwita watu wote mpaka mkewe, alikuwa fundi wa mashine za boti, mwenye karakana ya mabati kando ya mto na kucha zilizokwisha kugombana na kila aina ya sabuni. Ukimpelekea mashine imezima, ataisikiliza, ataitukana kidogo, na itawaka. Watu walimpenda. Lakini moyoni alikuwa na donda, na donda lenyewe lilikuwa shemeji yake.

Shemeji huyo, mume wa dada yake, alikuwa mshona nguo, mtu mpole wa kucheka hata na mlango. Kosa lake lilikuwa nini? Hana kosa. Na hilo ndilo lililomkera Grisi kupita yote, maana mtu asiye na kosa utamchukia vipi kwa raha?

Kisa ni baba. Mzee alikuwa mvushaji, maisha yake yote kutoka ukingo huu kwenda ule, na mashine yake ilikuwa kuukuu, rangi imebabuka, kifuniko kimebanwa kwa waya. Grisi alijifunza ufundi kwenye mashine hiyo hiyo. Sasa magoti ya mzee yameanza kulalamika, akatangaza kwamba boti ataiendesha mkwe wake, na utunzaji wa mashine atamfundisha mwenyewe. Mkwe! Mtu wa sindano na uzi!

"Sawa," Grisi alimwambia mkewe. "Mimi ni nani? Si mtoto wa kumzaa tu?"

"Kwani wewe ungefunga karakana ukavushe watu?"

"Hata!"

"Sasa?"

"Sasa angeniuliza!"

Mkewe akaendelea kukunja nguo. Mwenye wivu humbishii, unamwacha achoke.

Siku ya somo la oili ya gia, Grisi akaenda kwa baba, eti kusalimia. Salamu gani inakwenda na sanduku la spana? Akawakuta uani, mashine imesimamishwa kwenye kigogo, wawili hao wamechuchumaa mbele yake mabega yakigusana. Baba alikuwa anaeleza. Oili ya gia hukaa chini, kwenye mguu wa mashine, karibu na pangaboi linalosukuma boti. Unafungua bolti ya chini, halafu ya juu ili hewa iingie, oili chafu inashuka. Ikitoka nyeupe kama maziwa, ujue maji yameingia. Oili mpya unaisukuma kwa kutokea chini mpaka ichungulie kwenye tundu la juu. Ukimimina kutoka juu unafungia hewa ndani, na gia zitasagana.

"Na hii hapa," baba akasema, akigusa skrubu ndogo yenye alama ya msalaba, jirani kabisa na bolti ya kumwagia, "hii usiiguse. Imeshika uma wa kuingizia gia kwa ndani. Ukiitoa, uma unaanguka, na hapo ni kuupasua mguu mzima. Hii iheshimu kama mama mkwe."

Shemeji akacheka. Grisi akalibamiza sanduku chini. Mzaha ule ulikuwa wake! Aliambiwa yeye, hapo hapo uani, kabla hajaota ndevu wala hajajua mama mkwe ni mdudu gani. Leo unagawiwa mtu mwingine kama nguo iliyokubana.

"Bolti hizi zimeshika kutu," akasema, sauti kavu. "Nipisheni nizilegeze."

"Haya, tulegezee," baba akasema, akaingia ndani kutafuta oili. Shemeji akaenda kuchota maji. Grisi akapiga magoti.

Mara sauti ya baba ikatoka dirishani: "Mwanangu! Hebu njoo unishikie hapa."

Grisi akaruka. Jamani, mtu mzima mwenye watoto wake, aliruka! Alikwisha kufika mlangoni baba aliposema, "Ah, siyo wewe. Mwite mwenzako."

Akamwita. Akarudi kwenye mashine masikio yanawaka moto. Siyo wewe! Akachukua bisibisi bila kuitazama, akaikita chini, akazungusha kwa hasira zote alizokuwa nazo, macho yakiwa mlangoni, ambako mzee na mkwewe walisikika wakicheka. Kitu kikalia ndani ya mguu wa mashine. Tik.

Akatazama kiganjani. Skrubu ya msalaba.

Fundi wa mtoni kote, mtu anayewafokea wenzake kwa kosa hilo hilo! Alipoinua kichwa, shemeji alikuwa amesimama mbele yake na kopo la oili, macho kwenye kiganja kile. Grisi akairudisha skrubu haraka, ingawa kurudisha skrubu hakuuinui uma ulioanguka, na hilo alilijua vizuri. Akalegeza bolti zilizopaswa kulegezwa, akasogea pembeni. Kazi iliyobaki akaifanya shemeji, baba akisimamia. Vizuri, Grisi akawaza, na mimi nikimwambia Baba nitajiaibisha bure. Ikiharibika, imeharibikia mikononi mwa shemeji. Ndiyo, aliwaza hivyo, shetani hakuwa mbali.

Wakaifunga mashine kwenye boti. Ikawaka, ikanguruma vizuri. Baba akaingiza gia. Boti haisogei. Akaingiza tena. Mashine inapiga kelele, pangaboi limekaa kama halihusiki. Mzee akaizima, akainama, akaipitishia kidole skrubu ile. Mikwaruzo mipya iling'aa kwenye msalaba.

"Nani kaigusa?"

Grisi akajifanya anapanga spana sandukuni.

"Ni mimi, Baba," shemeji akasema. "Nisamehe."

Grisi alisubiri radi. Aliijua radi ya baba yake tangu utotoni. Haikuja. Mzee alimshika mkwe bega, akatikisa kichwa, akatabasamu.

"Basi, mwanangu. Asiyekosea ni asiyefanya kazi. Chuma hiki si nyama, hakiozi. Tutakifungua wote, na leo utajifunza zaidi ya nilivyopanga."

Hapo Grisi akaungua. Maneno yale aliyangoja maisha yake yote, na sasa yanamwagwa kwa mshona nguo, tena kwa kosa ambalo si lake!

"Ni mimi!" akapayuka. "Baba, ni mimi niliyeifungua. Huyu anasema uongo."

Baba akageuka, akamtazama. Kisha akacheka.

"Wewe? Ufungue hiyo? Wewe uliijua skrubu hiyo kabla hujajua kufunga vifungo vya shati."

"Haki ya Mungu, Baba. Sikuwa natazama."

"Nenda zako huko. Wewe kazi hii unaifanya umefumba macho." Akamgeukia mkwe. "Unamwona kaka mtu? Yuko radhi kujichafua kwa ajili yako. Huyu sijawahi kuwa na wasiwasi naye hata siku moja. Ndiyo maana hata simwiti. Wewe ndiye wa kushikwa mkono."

Shemeji akainamisha uso. Wivu ukampanda Grisi upya, safari hii wa kosa lake mwenyewe, ambalo mwenzake alilichukua pamoja na msamaha wake wote.

Baba akachuchumaa tena, akampisha mkwe ubavuni, akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka.

"Nipe spana."

Grisi akafungua sanduku lake, akachagua inayofaa, akampa.