Fonti Niliyoifuta

Mwaka wa 2007 nilikuwa na fonti nyingi kuliko mashati. Zote zilikuwa kwenye CD moja niliyoinunua kando ya barabara mjini Nakuru. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nikifanya kazi katika duka la kuchapa karibu na soko, na nilijiona fundi. Mtu akija kuchapiwa kadi ya harusi au ratiba ya mazishi, nilimwonyesha herufi zenye mikia, zenye maua, zilizolala na zilizosimama kama askari wa gwaride, mpaka anasahau kilichomleta. Nikikumbuka majivuno yale, masikio yangu hupata moto.

Duka lilikuwa la mzee mmoja wa familia ya Kihindi iliyouza vitabu na kalamu mjini tangu enzi za babu yake. Mbele kulikuwa na madaftari na bahasha. Nyuma kulikuwa na kompyuta mbili za kuchapia, yangu na ya Auntie. Kompyuta ya tatu ilikaa kwenye meza ya mzee mwenyewe, imeunganishwa na printa nzuri, na hakuna aliyeigusa ila yeye. Tulipomaliza kazi tuliitia kwenye flashi, tukampelekea, naye akaitoa kwenye karatasi.

Auntie hakuwa shangazi yangu. Mji mzima ulimwita hivyo. Alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, aliyezaliwa papa hapa Nakuru katika nyumba za reli, baba yake akiwa amekuja kutoka mkoa wa Magharibi kufanya kazi kwenye mabehewa. Alijifunza kuchapa kwa taipureta, na hata kwenye kompyuta alibonyeza kwa nguvu zile zile, ungedhani anatwanga karanga. Alitumia fonti moja tu, ile ya kawaida ya barua na vitabu. Nilipomtania kwamba anaishi zama za wakoloni, alinijibu, "Herufi ni za kusomwa, kijana, si za kuvaliwa."

Alikuwa na namna yake ya kutengeneza ukurasa wa yaliyomo, ule wa mbele unaoonyesha kila sura iko ukurasa gani. Kompyuta ingeweza kuutengeneza yenyewe, lakini hakuna kati yetu aliyejua, na Auntie hakutaka kujua. Aliweka rula ya mbao juu ya skrini, akashuka nayo ukurasa kwa ukurasa, akiona kichwa cha sura anakiandika, kisha nukta, nukta, nukta hadi mwisho wa mstari, kisha nambari. Kwa kazi ya kurasa themanini angekaa nusu siku. Wanafunzi wa chuo kule Njoro walimfuata yeye kwa sababu hiyo, si mimi na maua yangu. "Mimi sikosei kurasa," alikuwa akisema, na ilikuwa kweli. Ndiyo sifa pekee niliyowahi kumsikia akijipa.

Miezi michache kabla ya uchaguzi alikuja mwalimu mmoja wa kike kutoka Olenguruone. Alikuwa akisoma chuoni wakati wa likizo za shule, na alikuwa na utafiti wake wote kwa mwandiko wa mkono. Alihitaji nakala nne zenye jalada gumu. Zikichelewa, jina lake lingeachwa nje ya mahafali ya mwaka ule. Auntie aliifanya kazi ile kwa wiki mbili.

Siku ya mwisho, ikiwa imebaki kuandika yaliyomo tu, Auntie alitoka kwenda kula chakula cha mchana. Nilikuwa nimemsikia mwalimu akisema anataka kazi yake ipendeze. Nikakaa kwenye kiti cha Auntie, nikatia CD yangu, nikafungua folda ya fonti, nikakokota mle fonti moja iliyofanana na ile yake ya kawaida, ila nyembamba kidogo, ya kistaarabu. Kisha nikachagua maandishi yote, mwanzo hadi mwisho, nikayabadilisha. Yalipendeza kweli. Nilikusudia kumwonyesha akirudi, akubali kwa mara ya kwanza kwamba najua kitu.

Alirudi, akakaa, akakunja uso. "Hizi herufi mbona leo ni nyembamba?"

Hapo ndipo ningesema. Badala yake nikaona mzaha mtamu zaidi. "Ni macho hayo, Auntie. Uzee umepiga hodi."

Alicheka, akanitishia kwa rula. "Nitakuchapa, wewe." Akapangusa skrini kwa leso, akaanza kushuka na rula, nukta, nukta, nukta. Nikajiambia nitamwambia jioni. Jioni nikasahau. Kazi ikaenda kwa mzee kwenye flashi, ikatoka, ikapelekwa kwa fundi wa majalada.

Kuna jambo ambalo mtu mwenye CD ya fonti anapaswa kulijua kabla ya jingine lolote, nami sikulijua. Fonti haisafiri na faili. Inabaki kwenye kompyuta ulikoiweka. Ukiipeleka kazi kwenye kompyuta nyingine isiyo na fonti ile, kompyuta haikuulizi. Inachukua fonti yake yenyewe na kuendelea kana kwamba hakuna lililotokea. Kompyuta ya mzee ilichukua herufi nene. Mistari ikarefuka, aya zikasukumana, na kila sura ikazidi kusogea mbele kuliko ile iliyotangulia, huku nambari alizoziandika Auntie kwa mkono zikibaki pale pale.

Mwalimu alirudi Alhamisi, majalada manne mapya yamemjaa mikononi. Chuoni walimkatalia kazi. Akafungua moja mbele ya wateja. "Hapa mmeandika sura ya nne iko ukurasa wa arobaini na moja. Tafuteni basi hiyo arobaini na moja! Nimeulizwa kama hata nimesoma kazi yangu mwenyewe. Mmeniaibisha, jamani." Alikuwa amevaa nguo zake za kanisani.

Mzee alimwita Auntie mbele. Auntie alitazama karatasi, akageuza, akageuza tena. "Boss, kwangu ilikuwa sawa. Kuja uone kwa mashini yangu."

"Nitakuja, mama. Wacha kwanza nimalizane na madam."

Alikuwa akimpigia simu fundi wa majalada, akimsihi aifungue kazi na kuifunga upya siku hiyo hiyo. Auntie alibaki naye pale mbele. Mimi nilikuwa nyuma, peke yangu, na nilikuwa nimeshaelewa kila kitu. Sijawahi kuelewa jambo kwa haraka kiasi kile, wala sijawahi kutumia akili yangu vibaya kama siku ile. Nilijua kwamba wakija kwenye kompyuta ya Auntie, kurasa zitalingana, mzee atauliza kwa nini, na itaonekana fonti ambayo Auntie hawezi hata kutamka jina lake.

Nikakaa kwenye kiti chake. Nikafungua faili, nikairudisha kwenye fonti ya kawaida, nikahifadhi. Nikafungua folda ya fonti, nikaifuta ile nyembamba. Nikarudi mahali pangu na kuanza kuchapa barua ya mtu aliyekuwa akiomba kazi. Haikuchukua hata dakika mbili. Barua ile sikuikosea hata herufi moja, na hilo ndilo linaloniuma.

Walikuja wote watatu. Auntie alifungua faili kwa ujasiri, akaweka rula juu ya skrini, akaanza kushuka. Alifika arobaini na moja. Sura ya nne haikuwepo. Akarudi juu, akashuka tena polepole, mdomo ukihesabu. Hata mwalimu alianza kumwonea huruma.

"Lakini niliona," Auntie alisema. "Niliona kabisa na haya macho." Kisha akanigeukia. Sikuona lawama usoni mwake. Alikuwa akitafuta msaada, mtu amkumbushe. "Si hata wewe uliniambia ni macho? Ile siku ya herufi nyembamba?"

Mzee akanitazama. Mwalimu akanitazama.

"Ndiyo, Auntie," nikasema. "Nilikuambia."

Mzee hakuwa mtu mkali. Alimwambia apumzike, amwone daktari wa macho, kisha warudi kuzungumza. Auntie alitikisa kichwa. "Kazi ya watu si ya kubahatisha," alisema. Alichukua mto wake wa kukalia na kikombe chake. Rula aliiacha mezani. Akatuaga wote kwa mkono, mwalimu akamwomba msamaha kwa mara ya tatu. Mimi ndiye niliyechapa upya yaliyomo jioni ile, mwalimu akaiwahisha kazi yake, na mzee akanisifu mbele ya watu.

Husemwa njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilinifikisha kwenye kiti cha Auntie cha dirishani. Nilipewa kompyuta ya Auntie, na wanafunzi wa Njoro wakazoea kuniuliza mimi. Nilipanga kumwendea kila Jumapili. Nilijua nyumba yake, si mbali na reli, na kutoka Kiamunyi nilikokaa ingekuwa safari ya asubuhi moja. Kila Jumapili nilipata nguo za kufua.

Kisha uchaguzi ukaja, na Januari mji ukawaka. Sitaeleza mambo yale. Waliokuwepo wanayajua. Duka lilifungwa, na lilipofunguliwa tena watu wengi walikuwa wamehamia kwenye uwanja nje ya mji, wakilala chini ya turubai, wakingoja malori ya kuwapeleka makwao, au huko walikoambiwa sasa ndiko kwao. Familia ya mzee ilikuwa ikipika chakula na kupeleka pale pamoja na wenzao wa hekaluni. Siku moja mzee alinituma nikachukue orodha za waliokuwa wakisubiri malori ya Magharibi, nizichape, kwa sababu zilikuwa kwenye vipande vya karatasi na majina yalikuwa yakipotea.

Niliambiwa orodha ziko kwa mama mmoja upande wa lango. Nilimtambua kabla hajainua kichwa. Auntie alikuwa ameketi kwenye ule mto wake, juu ya gunia la vyombo, daftari likiwa mapajani, foleni ya watu mbele yake. Alizaliwa Nakuru, baba yake alizikwa Nakuru, na sasa alikuwa akiandika jina lake mwenyewe kwenye orodha ya wanaorudishwa.

Alikuwa amevaa miwani. Fremu nene ya kahawia, vioo vizito vilivyoyafanya macho yake kuwa makubwa.

"Ala! Kijana wangu!" Alinishika mikono yote miwili. Aliuliza habari za mama yangu, za mzee, za printa. Nilijibu nikitazama chini. Mtu wa mbele kwenye foleni akataja jina lake, naye Auntie akataka kuliandika. Akaisukuma miwani hadi kwenye paji la uso, akaandika bila shida, kwa mwandiko mdogo ulionyooka, kisha akaishusha tena.

Alipoona namtazama akacheka kwa haya. "Bado sijaizoea. Daktari aliniambia macho hayana neno, eti niende tu nyumbani. Nikamwambia daktari, wewe huwezi kujua, mimi nimeharibia mtu kazi. Basi nikajinunulia pale sokoni. Inanipa kizunguzungu kidogo, lakini heri hivyo." Akanikabidhi daftari. "Wewe ndiye utachapa? Niangalizie kurasa, tafadhali. Haya ni majina ya watu, na mimi sasa sijiamini."

Alikuwa ameyapanga kwa alfabeti, kila familia na nambari yake, na kwenye ukurasa wa kwanza, kwa mkono, ameweka yaliyomo. Nukta, nukta, nukta, kisha nambari ya ukurasa. Nililikagua lote baadaye dukani, ukurasa kwa ukurasa, kwa rula yake. Hakukuwa na kosa hata moja.

Lakini pale langoni, daftari likiwa mkononi na maneno yakiwa mdomoni kabisa, nilimtazama Auntie, naye akanitazama kwa macho yale makubwa, akingoja nijibu.

"Miwani inakupendeza, Auntie," nikasema.