Wakili Yuko Kortini

Sellah Nakhungu alikuwa nesi wa wodi ya wajawazito mjini Kitale, na kwa kuwa alikuwa amewazalisha wanawake wengi sana wa mji ule, watu walikuwa wamesahau jina lake. Alikuwa Sista tu. Sista sokoni, Sista kanisani, Sista hata kwa askari wa barabarani. Mwanamke mrefu, mwepesi wa miguu, asiyejua kukaa bure.

Mwaka wa 1988 alikuwa amebakisha miezi michache astaafu. Nyumba aliyoishi ilikuwa ya serikali, na anayestaafu huitoka. Wenzake walipomuuliza kama atarudi Matulo alikozaliwa, aliwacheka. Shamba la baba yake lilikuwa limegawiwa ndugu zake wa kiume, na hakuna aliyekumbuka kumwachia dada yao hata pa kujenga jiko. Hawakuwa watu wabaya. Walidhani ataolewa, na alipokosa kuolewa walidhani serikali itaendelea kumweka. Tangu usichana wake alikuwa amelala katika vyumba vya wenyewe: bweni la shule, hosteli ya wanafunzi wa unesi, kisha hii nyumba yenye namba mlangoni. Alitaka kuzeeka mahali ambapo hakuna mtu angemwambia ahame.

Ndipo akasikia kwamba Zachary Waithaka, mzee aliyeuza vipuri vya baiskeli Bungoma kwa miaka mingi, anauza nyumba yake ili arudi Nyeri karibu na wajukuu. Sellah akaenda kuiona. Ilikuwa nyumba ya matofali, vyumba vitatu, na mparachichi nyuma. Mzee akamzungusha bila kusifu chochote, na kabla hajaulizwa akamwonyesha bati linapovuja. Sellah akampenda kwa hilo. Wakapatana siku ileile.

Wote wawili waliogopa mambo ya ardhi, kwa hiyo wakakubaliana wamtumie wakili mmoja, Festus Mukhisa, kijana mtanashati aliyekuwa na ofisi orofani, juu ya duka la vitambaa mjini Bungoma. Mzee akamkabidhi hati ya nyumba. Sellah akaweka kwake akiba yake yote ya kazi. Mukhisa akawashika mikono.

"Hii ni kazi ndogo," akasema. "Mtasikia kutoka kwangu."

Hawakusikia.

Mwezi wa kwanza baada ya mapatano Sellah alingoja kwa adabu. Mwezi wa pili akaanza kwenda posta ya Kitale kupiga simu, sarafu zikimlowa jasho kiganjani. Aliyepokea kila mara alikuwa Chemutai, karani wa wakili, msichana mpole wa sauti ya chini.

"Wakili yuko kortini, Sista."

"Atatoka saa ngapi?"

"Hakusema."

"Mwambie nilipiga."

"Nitamwambia."

Akipiga Jumatatu, wakili yuko kortini. Akipiga Ijumaa, kortini. Mwezi wa Agosti akamwambia, "Chemutai, mahakama ziko likizo, nimesikia kwa redio." Msichana akasema, "Basi ametoka tu, Sista. Atarudi."

Alimpata mara moja tu. Mukhisa alimwita Mayi, kama kijana wa Kibukusu anavyomwita mwanamke wa rika la mama yake, na sauti yake ilikuwa na haraka. "Mayi, tusiwe na wasiwasi. Tunangoja upande ule mwingine. Mambo iko kwao." Laini ikakatika, au ikakatwa.

Upande ule mwingine! Maneno hayo yalimwingia Sellah kama mwiba. Upande ule mwingine ni Waithaka. Basi mzee ndiye anayechelewesha? Amepata mnunuzi mwingine? Kule kumwonyesha bati linapovuja, je, kulikuwa ujanja? Alipanga vyombo vyake katika masanduku, akavipangua kwa kuhitaji sufuria, akavipanga tena. Usingizi ulimpaa. Kazini alianza kuwafokea wauguzi wadogo. Siku moja alimkemea mama aliyekuwa akilia kwa uchungu wa uzazi, akamwambia anyamaze kama wengine, na mama yule akamtazama tu. Sellah akatoka nje, akasimama nyuma ya chumba cha kufulia, akaona jinsi alivyoharibika. Alirudi akamshika yule mama mkono mpaka mtoto akazaliwa, lakini yale maneno hayakurudi kinywani.

Mwezi wa Oktoba serikali ikamwandikia kwamba nyumba inatakiwa kabla ya mwaka kwisha. Sellah akachukua likizo yake iliyobaki, akashuka Bungoma, akaomba malazi kwa mwenzake wa kanisa, na asubuhi akapanda ngazi za ofisi ya wakili akaketi kwenye benchi.

"Wakili yuko—" Chemutai akaanza.

"Najua. Nitamngoja."

Alingoja siku hiyo na iliyofuata. Alisikia viatu vya Mukhisa vikipanda ngazi, kisha vikasita, kisha vikashuka. Sellah alikimbilia dirishani akamwona wakili akivuka barabara upesi, mkoba kwapani, kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Mtu hakimbii kazi ndogo.

Siku ya tatu Chemutai alitoka kwenda kununua stempu, na simu ikalia. Ikalia, ikalia. Sellah hakuwa mtu wa kuacha simu ilie; wodini simu ikilia kuna mtu anaumwa. Akaiinua.

"Hallo, ofisi ya wakili."

"Wewe msichana," sauti ya mzee ikasema kwa hasira, "leo usiniambie ati yuko kortini. Mimi nimechoka! Huyo Sista wa Kitale anataka nyumba ama hataki? Kila siku naambiwa tunangoja upande wake. Kwani upande wake ni Ulaya?"

Sellah akaketi kwenye kiti cha Chemutai.

"Hallo? Uko hapo?"

"Mzee Waithaka," akasema, "ni mimi. Sista wa Kitale."

Kisha mzee akasema taratibu, "Kuja nyumbani, mama. Kuja sasa hivi."

Alikwenda kwa miguu, karibu kukimbia. Alimkuta Waithaka ameketi juu ya gunia sebuleni, kwa kuwa viti vilikuwa vimeshasafirishwa Nyeri. Vitu vyake vyote vilikuwa vimefungwa kwa kamba tangu Juni. Magoti yake yalikuwa mabovu, ngazi za wakili zilikuwa zimemshinda, ndiyo maana alikuwa akipiga simu tu kutoka duka la jirani.

"Nilidhani umepata nyumba nyingine huko Kitale," akasema. "Nikasema, huyu mama alikuwa na uso wa ukweli, kumbe."

"Na mimi nilidhani umepata mwenye kukupa zaidi."

Wakatazamana. Sellah aliona haya kwa yote aliyomwazia mzee huyu aliyekuwa akila chakula chake juu ya gunia akimngoja yeye. Akampa mkono kumwinua. "Twende," akamwambia. "Leo ngazi tutazipanda wawili."

Walizipanda polepole, mzee akiegemea bega lake na kupumzika kila baada ya hatua chache. Mukhisa hakuwapo, lakini safari hii Chemutai hakusema neno la korti. Aliwaletea maji. Saa za jioni viatu vikapanda ngazi, mlango ukafunguka, na wakili akawakuta wateja wake wote wawili wamekaa benchi moja, bega kwa bega. Akasimama. Hakukuwa na upande mwingine wa kusingizia.

"Sema tu," Sellah akamwambia.

Mukhisa akaweka mkoba chini. "Hati imepotea," akasema. "Mvua ya Aprili iliingia ofisini, tukahamisha mafaili upesi upesi, na hiyo sikuiona tena. Nimeitafuta kila mahali."

"Tangu Aprili!" Waithaka akainua fimbo yake, na Chemutai akaruka nyuma. "Kwa nini hukusema?"

"Nilidhani nitaipata kesho, mzee. Halafu kesho ikapita, nikaona aibu. Kadiri nilivyokaa ndivyo ilivyozidi kuwa ngumu kusema."

Sellah alikuwa amejiandaa kwa mwizi. Mbele yake alikuwa kijana mwoga mwenye macho mekundu, na hasira yake ikakosa pa kutua. "Pesa zangu ziko?" akauliza.

"Ziko zote, Mayi. Sijagusa."

"Sasa inafanywa nini?"

Mukhisa akaeleza: waende polisi, mzee ale kiapo, tangazo litoke katika Gazeti la Serikali, wangoje kama kuna mwenye pingamizi, ndipo hati mpya itolewe. Itachukua miezi. Kila gharama itakuwa juu yake.

Miezi tena! Sellah akazunguka ofisi ile ndogo kama mtu aliyefungiwa. Ni Waithaka aliyemsimamisha. "Mama, ingia nyumbani," akasema. "Ufunguo nakupa kesho. Mimi naenda kwa wajukuu, siku ya kutia sahihi nitarudi. Unaogopa nini?"

"Naogopa kukaa tena kwa mtu."

"Basi kaa ukinichungia. Hati ikitoka, uache kunichungia."

Alihamia Desemba, na kusema kweli hakutulia. Alilala akisikiliza kama kuna gari limesimama nje. Lakini kila Jumamosi Mukhisa alifika mwenyewe, akisimama uani na kofia mkononi. "Mayi, leo hakuna habari," angesema, na Sellah angejibu, "Asante kwa kuniambia." Hati mpya ilitoka Agosti mwaka uliofuata. Waithaka akasafiri kutoka Nyeri, akainuliwa ngazini na vijana wa duka la vitambaa, akatia sahihi.

Wiki chache baadaye kaka mdogo wa Sellah alifika kutoka Matulo. Alizungukazunguka sebuleni, akapapasa ukuta, akakohoa. Alitaka binti yake akae hapo asome mjini. "Ukafikirie tu, dada," akasema. "Nitarudi mwezi ujao unijibu."

"Mwezi ujao wa nini?" Sellah akasema. "Mlete Jumapili."