Siku Niliyolilia Samaki Wazima

Jamani, afadhali niseme mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine, maana Kasenga nzima, mtaa wetu huu, inaijua hii habari na kila mtu anaitia chumvi yake: ni kweli, minye, mimi mwenyewe, ndiye yule mwanamke aliyepiga kilio cha msiba mchana kweupe, kichwa wazi, miguu peku, watu wakaja na viti na turubai, na maiti haikuwepo. Chekeni tu. Nimeshazoea.

Chanzo ni samaki wa mama mkwe wangu, Bi Mwamvita. Mtoto wake mdogo, shemeji yangu, anafanya kazi bandarini Dar es Salaam, na safari moja alimletea mama yake zawadi ya akwariomu, lile sanduku la kioo la kufugia samaki, na ndani yake samaki watatu wa bahari, wawili rangi ya machungwa wenye mistari myeupe, na mmoja wa njano, bapa kama sahani. Watu walicheka mpaka basi. Hebu fikiria, tunaishi Uvira, ziwa liko pale chini, ndagala na mikeke tunakula mpaka tunachoka, halafu mtu anasafirisha samaki mpaka Kigoma, kutoka Kigoma anawapandisha boti, eti atuletee samaki wa kuangalia! Na maji ya ziwa hawayataki, wanataka ya chumvi, na si chumvi ya jikoni, ni ile shemeji anayoituma kwenye pakiti, mama anaikoroga na maji safi na kuyaweka akiba kwenye mabido, yale madumu ya plastiki, chini ya kitanda chake.

Lakini mama aliwapenda. Tangu baba mkwe afariki nyumba yake ilikuwa kimya, na sisi tuliohamia kwake tulikuwa tunasikia asubuhi anakunywa chai mbele ya kile kioo, anawasalimia, anawauliza wameamkaje (na ninaapa siku moja nilimsikia anawasengenyea majirani). Kwa hiyo tulijua: hao samaki si mchezo.

Shida yao ni moja tu, joto. Na nyinyi mnaijua Uvira mwishoni mwa kiangazi, mvua bado, mlima umesimama nyuma yetu unaturudishia jua kama bati la moto, hata ziwa lenyewe linalala. Maji yakipata moto kupita kiasi, hewa inapungua humo ndani na samaki wanapanda juu kuhema. Mama alikuwa na feni inayopuliza juu ya maji mchana kutwa, na kazi ikaenda vizuri, mpaka alipoalikwa harusi ya mtoto wa dada yake kule Luberizi.

Asubuhi ya kuondoka alinishika mkono. "Zaina, mukwe wangu, samaki ninakuachia weye. Courant ikikatika, tafuta barafu, uiache mu sashe yake ielee juu ya maji. Usiifungue! Maji ya barafu yakiingia, chumvi inapungua, utaniulia."

"Mama, enda tu ucheze harusi," nikamjibu, kifua mbele.

Pikipiki yake haijafika hata barabara kubwa, umeme ukakatika. Feni ikasimama. Nikangoja kidogo nikitegemea utarudi (si tunategemeaga tu?), halafu nikaona yule wa njano amepanda juu, mdomo unafunguka na kufungika. Nikakimbia kwa jirani, Mama Neema, mwenye frigo kubwa ya kufunguliwa juu, anauza barafu na juisi. Alikuwa anamsuka mteja uani, mikono imejaa nywele.

"Ingia ujitwalie!" akapaza sauti. "Barafu iko ku kushoto!"

Sasa hapo ndipo ningeuliza, kushoto kwako ulipokaa au kushoto kwangu niliposimama? Sikuuliza. Pande zote mbili zilijaa sashe, mifuko myeusi ya plastiki iliyofungwa fundo, ngumu kama mawe, nikachukua mbili za kwanza nilizozifikia kushoto kwangu, kubwa kama kabichi, na kwa sababu nilikuwa nimeambiwa nisifungue, basi sikufungua hata kuchungulia. Mtiifu mimi!

Na ilifanya kazi, msinibishie. Baada ya muda mfupi samaki walishuka chini, wakawa wanatembea zao polepole. Nikafunika kioo chote kwa kitenge kibichi ili jua la dirishani lisiwapige, nikajipongeza, nikachukua nguo nikaenda kufua ziwani. Niliporudi nikatundika nguo, nikanywa maji, nikaingia sebuleni kuwaona wapenzi wangu. Nikafunua kitenge.

Damu.

Maji yote mekundu, mekundu ya kuiva, huoni jiwe wala samaki. Akili yangu ikaniambia kitu kimoja tu: wamepasuka kwa joto. Nikashika simu, ambayo nayo ilikuwa inakata roho kwa kukosa umeme, nikampigia mama huko harusini, na ngoma nikazisikia nyuma yake. "Mama! Mama yangu! Damu! Damu imejaa nyumbani! Wote watatu wam—" Simu ikazima.

Nikatoka nje nikapiga yowe. Tena si yowe la kawaida, ni lile la kwetu la msiba, linaloanzia tumboni, nikajibwaga kwenye vumbi mbele ya mlango, kitambaa cha kichwani kikaruka kivyake. Wanawake wakaja mbio.

"Nani? Zaina, ni nani?"

"Wote!" nikasema. "Wote watatu!"

Sasa niwakumbushe jambo moja ambalo mimi wakati ule sikulikumbuka: nina watoto watatu.

Basi. Mama Neema akaacha mteja na kichwa nusu, akaja kunikumbatia akilia kuliko mimi. Wanaume wakafunga turubai kwenye nguzo za uani, viti vikaletwa kutoka madukani, mmoja akawasha moto, wamama wa kwaya wakaanza wimbo taratibu na wazee wa kwetu msikitini wakakaa upande wao na tasbihi. Mtu akampigia mume wangu, Ramazani, kule bandarini Kalundu, na yule mwanamume alifika juu ya pikipiki na kiatu kimoja, uso umekuwa majivu, akapiga magoti mbele yangu. (Hapo ndipo ninapoona haya mpaka leo. Mengine ninacheka, hilo sicheki.)

Alikuwa bado amepiga magoti wakati watoto wetu walipotokea getini, mabegi ya shule mgongoni, wote watatu, wanakula mihogo.

Wimbo ulikatika katikati ya neno. Mama mmoja akazimia. Mtoto wangu wa kwanza akaangalia turubai, akaangalia viti, akauliza, "Mama, kumekufa nani?"

Na watu wote wakanigeukia mimi wakisubiri jibu hilohilo. Ramazani amewakumbatia watoto kama anayetaka kuwarudisha tumboni, ananitazama juu ya vichwa vyao. Nikafuta makamasi.

"Samaki," nikasema.

"Samaki gani?" akauliza mzee mmoja wa msikitini.

"Wa mama."

Sijui ningekufa vipi pale kama pikipiki hazingefika. Zilikuja kwa msururu, mama mkwe mbele na nyuma yake dada zake na mashangazi, wamevaa sare za harusi, kitenge kimoja cha dhahabu, wanja umewashuka mpaka kidevuni, wanalia njia nzima tangu Luberizi. Mama aliona wajukuu wake, akawagusa mmoja mmoja kichwani, akamgusa na Ramazani, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Basi iko nini?" Nikamwonyesha sebule.

Tuliingia naye, na nusu ya mtaa nyuma yetu. Aliyatazama yale maji, akainama, akanusa. Akanusa tena.

"Zaina. Damu gani hii inanukia tangawizi?"

Nyuma yangu Mama Neema akashika mdomo. "Yesu wangu! Juisi yangu ya beterave!" Ni ile ya viazi vyekundu na tangawizi, anayowauzia wamama wenye mimba ili waongeze damu. Moja ya sashe ilichanwa na jiwe refu lenye ncha linalofika juu ya maji, na kumbe kushoto kulikuwa kushoto kwake.

Na wakati tunabishana kuhusu kushoto, mmoja wa wale wa mistari akaja mpaka kwenye kioo, akatutazama.

Mama hakupoteza muda kwa kelele. Akakunja sare yake ya dhahabu, tukatoa mabido chini ya kitanda, tukamimina maji kwenye beseni na kuwahamisha samaki mmoja mmoja kwa chujio la chai. Wa njano alilala ubavu kwa muda mrefu, na minye nikalala ubavu karibu naye nikimwomba, mpaka akajinyoosha akaogelea. Uani walipiga vigelegele. Mashangazi, kwa kuwa harusi yao niliiharibu na viti vilikuwa vimeshapangwa, walianza kucheza hapohapo chini ya turubai la msiba.

Nilikwenda kumpigia mama magoti mbele za watu. Alijifuta wanja uliomjaa mashavuni.

"Inuka," akasema, "angalau leo nimejua kitu. Siku nitakufa minye, huyu mukwe atanililia vizuri."

Watu walicheka mpaka wakakaa chini, na mimi nikacheka nao nikilia. Tangu siku hiyo nimeapa: simpigii mtu simu nikiwa na hofu nyingi kuliko betri, na kilio changu sikitoi tena kwa jambo lolote. Nimemwekea yule mama peke yake, na Mungu amcheleweshe sana.