Bibi na Somo Wake

Nilizichukia kadi pacha kama kupe. Mgonjwa mmoja wa zahanati yetu hapa Korogwe aliweza kuwa na kadi tatu kwenye kompyuta, kwa sababu kila mhudumu aliliandika jina lake kivyake. Nikaunda programu ya kuunganisha majina yanayokaribiana kwa herufi na matamshi. Ikamuunganisha bibi mmoja na mjukuu wake mchanga, aliyepewa jina la bibi kama ilivyo desturi yetu. Kompyuta ikasema mtoto anayenyonya anatumia dawa za presha!

"Shikamoo bibi. Leo siondoki hapa mpaka niwatenganishe," nilimwambia alipokuja zahanati na mjukuu wake.

Bibi akamkumbatia somo wake.

"Marahaba. Huyu ni mimi kweli, mwanangu. Ila nikifa, mashine yako isije ikamzika na yeye."